William Parsons (baroneti wa kwanza)

Sir William Parsons (alizaliwa takriban mwaka 1570 – alifariki London mwaka 1650) alikuwa mpima ardhi mkuu, mbunge na mmoja wa viongozi wa serikali ya Kiingereza nchini Eire katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Alipewa cheo cha baroneti mwaka 1620. Kuanzia mwaka 1641 hadi 1643 alikuwa mmoja wa makaimu wawili waliotawala Eire kwa niaba ya mfalme Charles I, na ndiye aliyekuwa madarakani yalipozuka maasi makubwa ya Wakatoliki mnamo Oktoba 1641.

Parsons hakupata mali na cheo kwa upanga. Alivipata kupitia ofisi za upimaji, hatimiliki na mahakama. Kwa sababu hiyo maisha yake hutumiwa na wanahistoria kueleza jinsi ardhi ya Eire ilivyoanza kutoka mikononi mwa wenyeji kwa njia ya sheria, na kwa nini wenyeji hao waliamua hatimaye kushika silaha.

Asichanganywe na William Parsons mwingine, mwanaastronomia wa karne ya 19, ambaye ni wa tawi jingine la ukoo huohuo (tazama chini).

Hali ya Eire wakati wake

Ili kumwelewa Parsons ni lazima kujua kwamba Eire ya wakati ule ilikuwa na makundi matatu makubwa ya watu.

Kundi la kwanza lilikuwa Waeire wenyewe, waliosema Kigaeli na kuishi chini ya koo zao na machifu wao. Walikuwa Wakatoliki. Kwa desturi yao ardhi ilihesabiwa kuwa ya ukoo, na kwa kawaida hapakuwa na hati iliyoandikwa.

Kundi la pili liliitwa Waingereza wa Kale. Hawa walikuwa wazao wa watu waliovamia kisiwa kutoka Uingereza tangu karne ya 12. Wengi wao walibaki Wakatoliki, lakini walijiona kuwa raia waaminifu wa mfalme. Walikuwa na mashamba makubwa, hasa katika eneo la Pale linalozunguka Dublin.

Kundi la tatu lilikuwa Waingereza Wapya, yaani maafisa, askari na walowezi Waprotestanti waliofika kuanzia karne ya 16. Walikuwa wachache, lakini serikali ilikuwa mikononi mwao. Parsons alikuwa wa kundi hili.

Asili na kazi ya kwanza

Ukoo wa Parsons ulitoka Leicestershire, Uingereza. Mama yake William alikuwa dada wa Sir Geoffrey Fenton, katibu wa serikali mjini Dublin, na huyo mjomba ndiye aliyemfungulia njia. Mwishoni mwa mwaka 1602 Parsons alirithi kutoka kwa Fenton kazi ya mpima ardhi mkuu wa Eire. Ndugu yake mdogo, Laurence Parsons, naye alifika na kupata vyeo.

Undugu huo ulimletea pia uhusiano na Richard Boyle, aliyemwoa binti wa Fenton na kuwa baadaye Earl wa Cork, mmoja wa matajiri wakubwa wa kisiwa. Mtoto wa Boyle, Robert Boyle, ndiye mwanasayansi ambaye kanuni yake kuhusu shinikizo na ujazo wa gesi hufundishwa hadi leo katika shule za sekondari.

Mpima ardhi mkuu na mipango ya walowezi

Kazi ya mpima ardhi mkuu haikuwa tu kuvuta mnyororo shambani. Ofisi yake ilitunza kumbukumbu za ardhi ya mfalme, ilikadiria thamani na kodi yake, na ilishughulika na mashamba yaliyorudi kwa mfalme kwa sababu mwenyewe alihukumiwa kwa uhaini au alikufa bila mrithi. Mtu aliyeshika ofisi hiyo alijua mapema kuliko wengine ni shamba gani lina hati dhaifu.

Mwaka 1607 machifu wakuu wa jimbo la Ulster, wakiwemo Hugh O'Neill na Rory O'Donnell, walikimbilia barani Ulaya. Serikali ilitaifisha maeneo makubwa katika wilaya sita za Armagh, Tyrone, Coleraine, Donegal, Fermanagh na Cavan, ikaanza kuyagawa kwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Mashamba yalitolewa kwa mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Hesabu hiyo ilihusu ardhi iliyodhaniwa kuwa na faida tu. Misitu, vinamasi na milima havikuhesabiwa. Hivyo mtu aliyeandikiwa ekari 1,000 aliweza kupata eneo kubwa zaidi. Parsons alishiriki kazi hiyo kama afisa, na yeye mwenyewe alipata shamba la ekari 1,000 katika Tyrone.

Baada ya Ulster mpango uliendelea katika Wexford, Longford, Leitrim na sehemu nyingine. Hapa hapakuwa na machifu waliokimbia. Wenyeji walikuwa wakiishi kwa amani, na wengi waliamini kwamba wako chini ya ulinzi wa mfalme. Kwa hiyo ilitumika njia ya sheria: maafisa walichimbua kumbukumbu za karne zilizopita ili kuonyesha kwamba ardhi ilikuwa ya mfalme tangu zamani. Kwa Wexford walirudi hadi enzi ya mfalme Richard II, aliyefika Eire katika karne ya 14. Dai lililopatikana lilipelekwa mbele ya jopo la raia walioapishwa ili walithibitishe, na wajumbe waliokataa waliadhibiwa.

Kisha wenyeji walirudishiwa sehemu ya ardhi yao, safari hii kwa hati mpya na kwa kodi, na sehemu nyingine ikapewa walowezi. Waliokuwa na vipande vidogo mara nyingi hawakupata kitu. Parsons alipata mashamba Wexford na Leitrim. Ndugu yake Laurence alipewa Birr mwaka 1620, katika nchi ya ukoo wa O'Carroll.

Cheo cha baroneti

Mwaka 1620 Parsons alifanywa kuwa knight, na miezi michache baadaye akawa baroneti. Baroneti si lodi, wala hana kiti katika Bunge la Malodi. Ni cheo cha heshima kinachorithiwa na mwana wa kwanza, na mwenye cheo huitwa "Sir".

Cheo hicho chenyewe kina uhusiano na habari tunayoieleza. Mfalme James I alikianzisha Uingereza mwaka 1611 ili kupata fedha za ulinzi wa walowezi wa Ulster. Kila baroneti mpya alitakiwa kulipa kiasi cha kutosha kutunza askari 30 kwa miaka mitatu, yaani pauni 1,095. Ndiyo maana alama ya mkono mwekundu wa Ulster huonekana katika ngao za mabaroneti wengi. Tawi la Eire la cheo hicho lilianza miaka michache baadaye, na Parsons alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipata.

Mahakama ya mayatima

Katika miaka ya 1620 Parsons alipewa pia uongozi wa mahakama mpya iliyosimamia warithi wadogo. Sheria ya kale ilisema kwamba mtu aliyepewa ardhi na mfalme kwa masharti fulani akifa na kuacha mrithi ambaye ni mtoto, mfalme huwa mlezi wa mtoto huyo na msimamizi wa shamba mpaka akue. Ulezi huo uliweza kuuzwa.

Mahakama hiyo ilikuwa na malengo mawili. La kwanza lilikuwa mapato ya serikali. La pili lilikuwa dini: mtoto wa Mkatoliki aliweza kulelewa kama Mprotestanti. Tena mrithi alipofikia umri wa utu uzima na kudai shamba lake, alitakiwa kula kiapo cha kumtambua mfalme kuwa mkuu wa kanisa, kiapo ambacho Mkatoliki hakuweza kukitamka bila kuikana imani yake. Kwa sababu hiyo mahakama ya Parsons iliwaumiza hasa Waingereza wa Kale, watu ambao hati zao zilikuwa nzuri na uaminifu wao ulijulikana.

Mfano mashuhuri wa malezi ya namna hiyo ni James Butler, mrithi wa jamaa kubwa ya Ormond. Karibu ndugu zake wote walikuwa Wakatoliki, lakini yeye aliwekwa chini ya ulezi wa Askofu Mkuu wa Canterbury na akatoka Mprotestanti. Baadaye mtu huyo angekuwa mpinzani mkubwa wa Parsons.

Kesi ya O'Byrne

Jambo lililoharibu zaidi jina la Parsons ni kesi ya ukoo wa O'Byrne wa Wicklow. Phelim McFeagh O'Byrne alikuwa mwana wa Fiach McHugh O'Byrne, chifu aliyepigana na serikali kwa miaka mingi mpaka alipouawa mwaka 1597. Phelim aliishi kwa amani, lakini milima yake ilikuwa karibu na Dublin, na maafisa kadhaa waliitamani.

Katika miaka ya 1620 Phelim na wanawe walishtakiwa kwa makosa makubwa na kufungwa katika ngome ya Dublin. Marafiki wao walimlalamikia mfalme kwamba mashahidi walitishwa, na hata kuteswa, ili waseme uongo. Mwaka 1628 iliundwa tume ya kuchunguza. Parsons alitajwa miongoni mwa wale waliotarajia kufaidika na ardhi hiyo. Wafungwa waliachiliwa, na mwaka 1629 naibu wa mfalme, Lodi Falkland, aliitwa arudi Uingereza. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi ya jamaa hiyo haikurudi kwao. Parsons alibaki katika ofisi zake.

Siasa za miaka ya 1628–1641

Mwaka 1628 mfalme Charles I alikuwa na shida ya fedha. Wamiliki wa ardhi wa Eire, hasa Waingereza wa Kale, walikubali kumlipa pauni 120,000 kwa awamu. Yeye naye aliwaahidi mambo kadhaa. Ahadi moja ilikuwa ya maana kuliko zote: mtu aliyekaa juu ya ardhi yake kwa miaka 60 asisumbuliwe tena kwa madai ya kale ya serikali. Fedha zililipwa, lakini ahadi haikuwa sheria.

Naibu mpya wa mfalme, Thomas Wentworth, aliyefika mwaka 1633, alikataa kuipeleka ahadi hiyo Bungeni ipitishwe. Yeye alitaka kuendeleza mipango ya walowezi hata Connacht. Aliwabana pia Waingereza Wapya waliojitajirisha kwa mali ya mfalme na ya kanisa, akiwemo Richard Boyle. Hivyo makundi mawili yasiyopendana, yaani Waingereza wa Kale na Waingereza Wapya, yalijikuta yakimpinga mtu mmoja. Parsons aliyafanyia kazi matakwa ya Wentworth kwa muda, kisha akasimama upande wa wapinzani wake. Katika Bunge la mwaka 1640 alikuwa mbunge wa Wicklow, wilaya ileile ya akina O'Byrne.

Wentworth alishtakiwa mbele ya Bunge la Uingereza na kukatwa kichwa mwezi wa Mei 1641. Kabla ya hapo, Februari 1641, Parsons aliapishwa kuwa kaimu wa mfalme pamoja na Sir John Borlase, mwanajeshi mzee. Kwa kuwa Borlase hakuwa mtu wa siasa, mamlaka halisi yalikuwa kwa Parsons.

Mwaka huo mfalme alikubali hatimaye kwamba ahadi ya miaka 60 iwe sheria. Lakini mwezi wa Agosti, kabla miswada haijafika Bungeni, makaimu waliliahirisha Bunge. Wakatoliki wenye mashamba waliona kwamba mlango wa sheria umefungwa mbele yao tena.

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1641

Wakati huo viongozi kadhaa wa Waeire walikuwa wamepanga njama. Walikuwemo Rory O'Moore, Conor Maguire, Hugh MacMahon na Sir Phelim O'Neill. Walitaka kuteka ngome za Ulster na, siku ya Jumamosi tarehe 23 Oktoba, ngome ya Dublin yenyewe, iliyokuwa na ghala la silaha.

Jioni ya tarehe 22 MacMahon alimweleza siri hiyo Owen O'Connolly, ndugu yake wa kulelewa, bila kufikiri kwamba mwenzake alikuwa amegeuka Mprotestanti na alimtumikia bwana Mprotestanti. O'Connolly alikunywa naye pombe, akapata nafasi ya kutoroka, akaenda nyumbani kwa Parsons saa tatu usiku. Alikuwa amelewa na maneno yake hayakunyooka. Parsons alimsikiliza kwa mashaka, akamwambia arudi akapate habari zaidi, lakini aliimarisha ulinzi na kwenda kwa Borlase. Baadaye usiku O'Connolly alieleza tena, sasa kwa akili iliyotulia. Kabla ya mapambazuko MacMahon na Maguire walikamatwa. Wote wawili walinyongwa London miaka ya baadaye.

Dublin iliokoka, lakini Ulster haikuokoka. Usiku uleule Phelim O'Neill aliteka Charlemont na Dungannon. Kwa majuma machache walowezi wengi walifukuzwa katika nyumba zao, wakavuliwa nguo katika baridi kali, na maelfu waliuawa au kufa kwa njaa na baridi.

Huko Wicklow maasi yaliongozwa na Hugh O'Byrne, mwana wa yule Phelim aliyefungwa miaka ya 1620.

Uongozi wake wakati wa maasi

Tarehe 23 Oktoba makaimu walitoa tangazo lililowalaumu Wakatoliki wa Eire kwa ujumla. Malodi wa Pale walilalamika kwamba nao wamehesabiwa kuwa waasi, na siku chache baadaye serikali ilitoa maelezo ya kusahihisha. Walipewa silaha za kujilinda, kisha wakaamriwa kuzirudisha. Bunge lilikutana kwa muda mfupi mwezi wa Novemba na kuahirishwa tena. Sir Charles Coote alitumwa Wicklow pamoja na askari, na huko watu wasio na silaha waliuawa. Mwezi wa Desemba malodi hao walipoitwa Dublin kwa mazungumzo, walikataa kwa kuhofia maisha yao. Badala yake walikutana na viongozi wa waasi na kuungana nao.

Hapo vita vilibadilika. Kabla ya hapo vilikuwa maasi ya koo za Waeire. Sasa vikawa vita vya karibu Wakatoliki wote dhidi ya serikali. Mwaka 1642 waliunda serikali yao ya shirikisho mjini Kilkenny.

Je, Parsons alitaka iwe hivyo? Wapinzani wake walisema ndiyo: kwamba aliwasukuma Waingereza wa Kale katika uasi ili mashamba yao yataifishwe. Watetezi wake walisema kwamba alikuwa na askari wachache, habari zilizomfikia zilikuwa za mauaji tu, na mtu aliyekuwa karibu kutekwa usiku mmoja hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Suala hilo bado linajadiliwa. Lisilojadiliwa ni kwamba thamani ya uasi ilijulikana: mwezi wa Machi 1642 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukopa pauni milioni 1 kwa ajili ya vita, kwa dhamana ya ekari milioni 2.5 za waasi.

Kuondolewa na kifo

Mnamo Agosti 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uingereza kati ya mfalme na Bunge. Parsons aliegemea upande wa Bunge. Mfalme alitaka kusimamisha vita Eire ili apate askari, na mtu wake alikuwa James Butler wa Ormond, kamanda wa jeshi. Parsons alipinga mapatano yoyote na Wakatoliki. Mwishoni mwa Machi 1643 aliondolewa katika ukaimu na nafasi yake kupewa Sir Henry Tichborne. Mwezi wa Agosti alishtakiwa na kufungwa pamoja na Sir John Temple, Sir Adam Loftus na Sir Robert Meredith. Septemba 1643 Ormond alitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita.

Mwaka 1648 Parsons alihamia London. Alifariki mapema mwaka 1650 akazikwa katika kanisa la Mt. Margareta, Westminster. Wakati huo Oliver Cromwell alikuwa Eire akiwashinda waasi kwa ukatili.

Yaliyofuata

Kazi aliyoianza Parsons kwa shamba mojamoja ilikamilishwa na wengine kwa kisiwa kizima. Katika miaka ya 1655 na 1656 William Petty alipima mashamba yaliyotaifishwa, na ramani zake zilitumika kuyagawa kwa askari na wakopeshaji. Wanahistoria wanakadiria kwamba Wakatoliki walimiliki asilimia 59 hivi ya ardhi ya Eire mwaka 1641, asilimia 22 mwaka 1688, na asilimia 14 tu mwaka 1703. Ugomvi juu ya ardhi uliendelea hadi karne ya 20.

Mateso ya walowezi nayo hayakusahauliwa. Maelezo ya mashahidi wapatao 8,000 yaliandikwa, na leo yanatunzwa katika Trinity College, Dublin. Kitabu cha Temple cha mwaka 1646 kiliyatumia huku kikitaja idadi ya wafu isiyoaminika, nacho kilisomwa na Waprotestanti kwa vizazi vingi.

Wazao wa Sir William walipata cheo cha Viscount Rosse mwaka 1681 na Earl wa Rosse mwaka 1718, lakini tawi lake lilikwisha mwaka 1764. Tawi la ndugu yake Laurence, lililokaa Birr, lilipewa cheo hicho upya mwaka 1806. William Parsons, Earl wa tatu wa tawi hilo, alijenga huko mwaka 1845 darubini yenye kioo cha sentimita 183, iliyobaki kubwa kuliko zote duniani hadi mwaka 1917, na kwayo alitambua umbo la mzunguko la galaksi ya M51. Mwanawe Charles alibuni tabo ya mvuke mwaka 1884. Ngome ya Birr ingali makazi ya ukoo huo, katika ardhi iliyotolewa mwaka 1620.